Nilimpa kaka kipande cha ini langu, sasa amerudi kwenye pombe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina mume na watoto, kwetu ni Moshi vijijini. Mwaka juzi nilikwenda India na kaka yangu mkubwa nikampa sehemu ya ini langu. Kabla ya safari ile tulikuwa tumeshachoka kuuguza. Tumbo lilikuwa linajaa maji, yanavutwa, linajaa tena. Macho yalikuwa manjano kabisa. Usiku mmoja alitapika damu mpaka wifi akadhani ndiyo mwisho. Madaktari walisema ini limesinyaa kwa sababu ya pombe na limebaki makovu matupu, dawa haziwezi kulirudisha. Kweli kaka alikuwa mnywaji tangu ujana. Alianza na bia za jioni, akaishia kwenye pombe kali, anakunywa tangu asubuhi akiwa dukani kwake anakouza vipuri.

Ukoo ulichanga. Tulifungua kundi la WhatsApp, wakachangia wanakwaya, wafanyabiashara wenzake, walimu wenzangu, hadi wazazi wa wanafunzi wangu. Shamba moja liliuzwa. Hospitali ilitaka kwanza akae miezi 6 bila pombe, akakaa, na akasaini mbele yangu kwamba hataigusa tena. Mume wangu hakutaka nipasuliwe. Aliona watoto wanaweza kubaki bila mama kwa ajili ya mtu aliyejinywea mwenyewe. Nilimlilia mpaka akakubali.

Mwaka wa kwanza kaka alikuwa mtu mpya. Alinenepa, alirudi kwaya, alikuwa ananipigia simu kila Jumapili. Baadaye simu zikapungua. Desemba tulikutana nyumbani kwenye kipaimara cha mpwa wetu. Kwa mila ya nyumbani kwetu, kaka kama mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayekabidhiwa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kabla ya wageni. Nilitegemea ataipokea na kumpa baba mdogo. Akainywa yote, watu wakapiga vigelegele. Jioni nilipita karibu naye nikasikia harufu ambayo haikuwa ya mbege peke yake.

Usiku ule niliingia chumbani kwake kuchukua shuka. Juu ya meza kulikuwa na kile kiboksi chake cha dawa chenye vyumba vya siku za wiki, asubuhi na jioni. Vidonge vya jioni vya Jumanne, Jumatano na Ijumaa vilikuwa bado vimo. Nilisimama pale nikiviangalia, Shangazi, mkono wangu uko kwenye kovu.

Nilimbana wifi, akalia. Anasema kaka alianza tena tangu mwaka jana katikati. Kwanza bia moja moja na wateja, sasa anaficha chupa ya pombe kali stoo nyuma ya maboksi ya vipuri. Kliniki ya mwisho hakwenda, na ile ya kabla yake aliacha kunywa wiki nzima ili vipimo vitoke vizuri. Wifi hajamwambia mtu kwa sababu anaona aibu, watu walichanga fedha zao.

Nilipomwuliza kaka mwenyewe nilishindwa kujizuia. Nilipandisha nguo nikamwonyesha kovu mbele ya mama. Akanitazama akasema: "Ulinipa au uliniazima?" Tangu siku hiyo hatujaongea.

Mama anasema nimemdhalilisha mwanamume mbele ya mke wake, na mbege ni chakula, wazee wamekunywa wakafika miaka 90. Mume wangu hasemi kitu, lakini naona machoni kwake anasema, si nilikwambia.

Naomba uniambie. Hiyo kidogo anayokunywa inadhuru kweli, au nazidisha hofu? Nimpigie daktari wake nimwambie, au nitakuwa nimemsaliti? Niwaambie watu waliochanga? Na jambo la mwisho naliandika kwa aibu: kuna usiku natamani nisingempa. Je, ni dhambi?

Dada wa Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo limekulemea kuliko mengine. Kujuta si dhambi. Ulilala kwenye meza ya upasuaji ukiwa mzima, bila ugonjwa wowote, ukakubali kukatwa ili mtu mwingine aishi. Sasa unamwona akikichezea kipande ulichompa. Moyo usiouma katika hali hiyo ningeushangaa. Wapo waliotoa figo au ini na wakapitia majuto ya namna hii, hasa mpokeaji anapoanza kuugua tena. Huna haja ya kuyakana. Ila usiyapeleke mbele ya kaka yako kama fimbo, na hapa nitakuwa mkweli kwako: siku ile ya kovu ulikuwa na haki ya kuumia, lakini ulimpa sababu ya kukaa mbali nawe wakati ambao anakuhitaji zaidi.

Swali alilokuuliza lilikuwa la ukatili. Hata hivyo lina jibu, na nakushauri umpe. Ulimpa. Hukumwazima. Mwambie hivyo kwa maneno yako mwenyewe: "Nilikupa, sidai. Naogopa kukuzika." Maana kwa sasa lile ini limekaa kati yenu kama deni, na mtu mwenye deni humkwepa anayemdai. Atakukwepa wewe, atamkwepa daktari, atakwepa kanisa. Mtu aliyepandikizwa ini akishaanza kujificha, hali yake huharibika haraka kuliko ya mlevi mwingine yeyote, na nitakueleza kwa nini.

Umeuliza kama kidogo kinadhuru. Ndiyo, kinadhuru, na kinadhuru kwa njia kadhaa ambazo wengi hawazijui. Watu wanafikiria pombe na ini tu. Kwa kaka yako kuna kitu cha tatu, nacho ni dawa. Mwili wake hadi leo unalitambua lile ini kuwa ni la mtu mwingine, hata kama mmezaliwa tumbo moja, na usipozuiwa utalishambulia. Kinachouzuia ni vidonge vile, kwa wagonjwa wengi ni takrolimasi, ambayo kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na kiwango chake kwenye damu lazima kiwe katika mstari mwembamba. Kikishuka, mwili unalikataa ini. Kikipanda, figo zinaumia. Ndiyo maana vile vyumba vitatu ulivyoviona vikiwa na vidonge vimenitisha mimi kuliko ile kata ya mbege. Mlevi husahau dawa ya jioni. Au anaimeza kisha anaitapika. Au anaamka saa 5 asubuhi anameza mbili kwa pamoja kufidia, jambo ambalo nalo ni hatari.

Kuna na hili la kinga. Dawa hizo hushusha kinga ya mwili kwa makusudi, kwa hiyo kijidudu kidogo ambacho wewe ungekitoa kwa siku mbili za kuharisha kinaweza kumlaza yeye hospitali. Mwambie mama, kwa upole, kwamba hapa ndipo mbege inapokuwa na kesi yake ya pekee. Kwake mbege ni chakula, na kwa mtu mzima mwenye ini lake sina la kubishana naye. Lakini mbege ni kinywaji kibichi: imechachushwa, ina hamira hai, imepita kwenye vyombo na maji ambayo hakuna aliyeyapima, kata moja imeguswa na midomo mingi. Waliopandikizwa hukatazwa hata maziwa mabichi kwa sababu hiyohiyo. Ongeza ulezi unaotiwa humo: nafaka ikihifadhiwa vibaya ikaota ukungu, inaweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu inajulikana kwa kuharibu ini. Hao wazee waliofika miaka 90 hawakuwa wanameza dawa za kushusha kinga asubuhi na jioni.

Kuhusu ini lenyewe, ini jipya halina usugu dhidi ya pombe. Madaktari wa Ufaransa waliwafuatilia mamia ya wagonjwa waliopandikizwa kwa sababu ya pombe. Miongoni mwa waliorudi kunywa kwa wingi, karibu theluthi moja walipata tena sirosisi, yaani ini kusinyaa na kujaa makovu, na mara nyingi iligunduliwa takriban miaka 5 tu baada ya upasuaji. Ini lake la kwanza lilivumilia tangu ujana. Hili la pili halitampa muda huo. Na kuna saratani: dawa za kushusha kinga zikikutana na pombe, hasa kwa mtu anayevuta na sigara, hatari ya saratani ya kinywa, koo na umio huongezeka sana.

Kwa hiyo huzidishi hofu. Lakini nisikuache ukidhani kaka yako ni mwovu wa aina yake. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya waliopandikizwa kwa sababu ya pombe, karibu mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne hurudi kuigusa kwa kiwango fulani. Wengine huteleza mara moja wakarudi njiani. Kundi dogo ndilo linalozama. Uraibu ni ugonjwa wa ubongo na tabia, na upasuaji haukuugusa. Daktari alitoa ini lililooza akaweka lako. Ile kiu ilikuwa mahali pengine, nayo ilisafiri naye kwenda India na ikarudi naye.

Hapo ndipo ile miezi 6 inapowadanganya watu wengi. Familia huona amekaa miezi 6, basi amepona. Kukaa miezi hiyo ukiwa na tumbo lililojaa maji na kifo mlangoni ni tofauti na kukaa bila pombe ukiwa umenenepa, duka linaingiza, na mteja anakuagizia bia. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walitoa matokeo ya wagonjwa 26 wenye homa kali ya ini iliyotokana na pombe, waliopandikizwa bila kusubiri miezi 6 kwa sababu wasingeifikia. Baada ya nusu mwaka, 77% walikuwa hai, ilhali kwa wenzao waliofanana nao ambao hawakupandikizwa ni 23%. Walioonekana kurudi kunywa baadaye walikuwa watatu. Walichaguliwa kwa makini sana, na moja ya vitu vilivyotazamwa ni familia iliyosimama nao. Nakuambia hili kwa sababu yule mume wako, na wengine wengi mitaani, wanaamini mlevi hastahili ini. Thomas Starzl, yule daktari wa Marekani aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mwaka 1963, mwaka 1988 alionyesha na wenzake kwamba waliopandikizwa kwa sababu ya pombe waliishi sawa na waliopandikizwa kwa magonjwa mengine. Hukutupa ini lako. Lilimtoa kaburini kaka yako, na hadi leo anatembea nalo.

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka George Best wa Manchester United. Alipandikizwa ini London mwaka 2002, akarudi kunywa mbele ya macho ya watu, magazeti yakamwandika, Waingereza wakakasirika kwamba amechezea ini ambalo mwingine angelitumia. Alifariki Novemba 2005 akiwa na miaka 59, na kilichommaliza ni maambukizi yaliyosambaa mwilini, kinga ikiwa chini. Hasira ya nchi nzima haikumwachisha hata glasi moja. Ndiyo maana sitaki kundi lenu la WhatsApp lijue.

Hapo nimeshajibu swali la wachangiaji, nimalizie kabisa. Usiwaambie. Walichanga ili apate matibabu, akapata. Hawakununua hisa katika mwili wake. Siku atakayotaka mwenyewe kusimama mbele ya wanakwaya wenzake akasema niombeeni, nimeteleza, hiyo ni heri. Ikitoka kwako au kwa wifi, mji utajaa maneno na yeye atahamia stoo na chupa yake.

Daktari ni habari nyingine. Daktari lazima ajue, na mapema. Umeuliza kama utakuwa umemsaliti. Fikiria daktari anaona vimeng'enya vya ini, vile vya kwenye damu vinavyoonyesha ini linaumia, vimepanda bila kujua kuhusu pombe wala dawa zilizorukwa. Anaweza kudhani mwili unalikataa ini, akaongeza dawa za kushusha kinga kwa mtu ambaye tatizo lake ni chupa. Ukimya wenu unaweza kumfanya atibiwe ugonjwa asiokuwa nao.

Ila kuna utaratibu. Anza na kaka mwenyewe. Nenda Moshi, usimpigie simu. Mkute asubuhi, akiwa hajanywa, duka halijafunguliwa, mama hayupo, watoto hawapo. Anza kwa kuomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya mama. Hilo litamfungua kuliko hotuba yoyote. Kisha umwambie ulichokiona kwa macho yako: vidonge vya siku zile, kliniki aliyoikosa. Usimwite mlevi. Usimwapishe, ameshasaini karatasi na haikumsaidia. Mwulize ilianzaje. Huenda kuna usingizi uliokataa, madeni ya safari, hofu ya kufa ambayo hajamwambia mtu, nguvu za kiume, huzuni. Watu wengi waliopandikizwa huingia kwenye sonona baada ya ule mwaka wa kwanza wa pongezi, wageni wakishaacha kuja. Sikiliza mpaka amalize, hata akisema yanayokuuma.

Halafu mwombe kitu kimoja tu: mwende wote kliniki wiki hiyo, aseme mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni. Akikataa, mwambie wazi kwamba utamweleza daktari, kisha fanya hivyo. Usifanye kwa siri. Daktari huenda asikuambie chochote kuhusu mgonjwa wake, hiyo ni kanuni yao, lakini hakuna kinachomzuia kukusikiliza wewe. Mwambie na wifi kwamba ule ujanja wa kuacha wiki moja kabla ya vipimo haufiki mbali. Kuna kipimo cha mkojo kinachoweza kuonyesha pombe ya siku 3 hadi 5 zilizopita, na cha damu kiitwacho PEth kinachoweza kurudi nyuma wiki 3 au 4. Havipatikani kila maabara hapa kwetu, lakini hospitali zinazopandikiza zinavijua vizuri. Navitaja ili mjue kwamba siri hii ina muda mfupi, na ni afadhali aiseme kuliko kukamatwa nayo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa familia nyingi huua mgonjwa kwa upendo.

Kwanza, kama amekuwa akinywa pombe kali kila siku, msimfungie ndani aache ghafla. Mwili uliozoea ukikatiwa kwa mara moja unaweza kutetemeka, kutoa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, na kuingia degedege ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Hiyo ni hali ya hospitali. Moshi mna hospitali ya KCMC pale, aanzie huko kwa kuwa hospitali iliyompandikiza iko mbali, wao wawasiliane na wenzao.

Jambo jingine: nakuomba usije ukanunua hizo "dawa za kuacha pombe" zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme na kuuzwa kwenye simu, eti unamwekea kwenye chai au mchuzi bila yeye kujua. Najua akina mama wengi wamefanya hivyo wakiwa wamekata tamaa, na siwahukumu. Lakini hakuna anayejua ndani ya unga ule kuna nini. Mitishamba mingine inaumiza ini moja kwa moja, mingine inapandisha au kushusha takrolimasi kwenye damu. Hata disalfiramu, ile dawa halali ya hospitali inayomfanya mtu ajisikie vibaya sana akinywa, madaktari huikwepa kwa mtu mwenye tatizo la ini. Zipo dawa nyingine zinazopunguza hamu. Akamprosati haivunjwi na ini, hutoka kwa njia ya figo, kwa hiyo figo hupimwa kwanza, hasa kwa mtu anayetumia takrolimasi. Baklofeni imejaribiwa kwa watu wenye sirosisi. Achague daktari, si duka la dawa la mtaani. Tena mwonye asinunue hata dawa ya maumivu ya hangover kiholela. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuziumiza figo zake.

Dawa peke yake haitoshi. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye kila wiki, mshauri wa uraibu au daktari wa akili, na asione aibu neno akili. Kwenu Dodoma hospitali ya akili ya Mirembe wanatibu uraibu, na kwenye miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi vipo vikundi vya AA ambako walevi wanaopona hukutana. Akiwa na mwenzake mmoja tu anayejua kiu ile ya saa 11 jioni, atapata msaada ambao mimi na wewe hatuwezi kumpa. Bia zisizo na kilevi asizikimbilie. Nyingine zina kiasi kidogo cha kilevi, na ladha na povu vinamrudisha kulekule.

Wifi yako naye amebeba peke yake mzigo mkubwa. Msimlaumu kwa kunyamaza. Mkubaliane naye mambo machache ya nyumbani: vidonge vimezwe mezani pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha jioni, yeye akiwepo, saa ilie kwenye simu, stoo isiwe na chupa, na akiona homa, macho kuanza umanjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kinyesi cheusi, tumbo kuvimba, au kaka akianza kuchanganya maneno, asisubiri asubuhi wala ruhusa ya mtu. Aende hospitali usiku huohuo na kile kiboksi cha dawa mkononi. Akikatazwa na mume, apige simu kwako. Na nyumba ikianza kuwa na vipigo, usalama wake na watoto unatangulia ini la mtu yeyote.

Mama usishindane naye. Mama amemwona mwanawe akifufuka, na hataki kuamini kwamba anaweza kumpoteza mara ya pili. Mbege ni chakula ni neno la kujifariji. Mpelekeni kliniki, asikie kwa daktari mwenye koti jeupe. Kisha baba mdogo apewe kazi, maana wazee husikilizana: kwenye shughuli zenu kata iendelee kukabidhiwa kwa kaka kama mila inavyotaka, aishike, abariki, ampe anayemfuata. Heshima iko kwenye kukabidhiwa. Wageni watazoea kufikia sherehe ya pili.

Nisikufiche la mwisho kuhusu kaka. Inawezekana ukafanya yote haya na bado akaendelea. Ini la pili ni gumu mno kulipata kwa mtu aliyerudi kunywa, na wewe huwezi kutoa tena, mtu hutoa ini mara moja tu. Ikifika huko hutakuwa umeshindwa wewe. Hutakiwi kuhamia Moshi kumlinda, wala kuchukua mkopo mwingine, wala kuchunguza pumzi yake kila mkikutana. Mlinzi hawezi kukesha kwa niaba ya mtu mzima.

Sasa wewe. Katika barua nzima hukuandika neno moja kuhusu afya yako. Sehemu ya ini iliyobaki kwako hukua yenyewe ndani ya miezi michache hadi kukaribia ukubwa wa mwanzo, lakini hiyo haina maana kwamba usahau kliniki. Ulipima lini mara ya mwisho? Kovu linauma ukiinua vitu? Umechanjwa homa ya ini B? Nenda ukapime likizo hii, na mwombe mume wako akusindikize. Njiani umweleze unavyojisikia, yote, pamoja na yale majuto ya usiku. Unadhani anasema moyoni "si nilikwambia". Mimi kwa barua yako namwona mtu aliyeogopa kumpoteza mkewe na hajui aanzie wapi kukuuliza kama u mzima. Anza wewe.

Ukitoka Moshi niandikie, niambie kaka amesema nini.

Shangazi